Usingizi wa Mlezi wa Taifa

"Ikulu inapenda kuwatangazia wananchi wote, walio macho na wale watakaoamshwa ili wasikie, kwamba Mlezi wa Taifa hakusinzia jana alasiri alipokuwa akilihutubia taifa katika Uwanja wa Ushindi. Mlezi wa Taifa alifumba macho ili alione taifa vizuri zaidi. Wanaodai kwamba walisikia mkoromo kwenye vipaza sauti wanaarifiwa kuwa ule ulikuwa mngurumo wa jenereta. Wananchi waendelee na shughuli zao kwa furaha."

Lilikuwa tangazo zuri la redio, lenye heshima zake, na lingeaminiwa na kila mtu kama si jambo moja dogo. Jenereta la Uwanja wa Ushindi lilikuwa limeibwa mwaka uliotangulia, na redio hiyohiyo ndiyo iliyotangaza kuibwa kwake, ikawataka wananchi walifurahie giza kama sehemu ya utamaduni wao.

Aliyeandika tangazo hilo aliitwa Anzuruni Mbelwa. Cheo chake kilikuwa Mpeleka Maneno Mkuu. Katika nchi hii, ambayo msomaji asijisumbue kuitafuta kwenye ramani kwa sababu ramani nazo zilikuwa zimepigwa marufuku, kinywa cha kawaida hakikuruhusiwa kusema na Mlezi wa Taifa moja kwa moja. Mwenye neno alilisema nje ya mlango. Anzuruni alilipokea, akalipangusa vumbi, akaliingiza ndani likiwa limepiga magoti. Mtu aliyemtangulia katika kazi hiyo aliwahi kuingiza ndani maneno haya: "Mheshimiwa, kifungo cha suruali kimefunguka." Tangu siku hiyo hajulikani alipo, yeye wala picha zake.

Kwa hiyo Anzuruni alikuwa mwangalifu. Aliishi Kilima cha Watumishi, katika nyumba ya serikali, pamoja na mama yake mzazi, Bi. Mwantumu. Mke aliwahi kuwa naye, lakini aliondoka alipogundua kwamba hata akiulizwa chumvi iko wapi, mumewe hujibu huku ameinama.

*

Ili yanayofuata yaeleweke, lazima ijulikane desturi moja ya watu hawa. Kwao mgeni hajitilii sukari. Mwenyeji ndiye hushika kijiko, akatia, akatia tena, akaendelea kutia hadi mgeni aseme "basi". Mgeni asiposema, mwenyeji haachi, maana kuacha kabla ya kuambiwa ni kumwonyesha mgeni mlango. Watu wenye adabu husema "basi" kwenye kijiko cha kwanza, watu wa kawaida kwenye cha pili, na mashemeji wakishaona kopo linaelekea kwisha.

Mlezi wa Taifa, kwa mujibu wa Katiba, alikuwa mgeni wa kudumu wa kila raia. Na Mlezi wa Taifa hakuwahi kusema "basi" hata siku moja. Hakusema kwenye ardhi, hakusema kwenye vyeo, hakusema kwenye miaka ya kutawala. Angeanzaje kusema kwenye kikombe cha chai? Mtia Sukari wa Ikulu, ofisa mwenye nyota begani, alitia mpaka kijiko kikasimama chenyewe katikati ya kikombe kama mlingoti wa bendera. Hapo bendi ilipiga wimbo wa taifa, na Mlezi akanywa, au tuseme akatafuna.

Kwa muda mfupi baada ya chai, Mlezi aliwaka. Alizindua mabwawa yasiyo na mito, alivunja mabaraza, alitangaza vita na kuifuta kabla jirani hajapata habari. Kisha ghafla, kama redio iliyoishiwa betri, sauti yake ilififia, kidevu kikalala kifuani, na nchi nzima ikakaa kimya ikisubiri. Katika kimya hicho magari hayakupiga honi. Wauza samaki sokoni walinong'ona bei. Hakuna aliyejua Mlezi ataamka na neno gani, na kuna watu waliokuwa wakilala majumbani mwao wakati anasinzia, na alipoamka hawakuwa na nyumba.

*

Baada ya aibu ya Uwanja wa Ushindi, aliitwa daktari. Alikuwa Dokta Remijia Kalokola, mwanamke mfupi, mkavu wa maneno, aliyesomea damu kwa miaka mingi. Alimpima Mlezi kwa mbali, akiwa upande wa pili wa chumba, kwa kuwa mkono wa raia haukuruhusiwa kugusa mkono wa Taifa. Kisha akatoka nje ya mlango, akamkuta Anzuruni amesimama tayari kupokea.

"Hana ugonjwa wa kutisha," alisema Dokta. "Ni sukari tu. Anakunywa nyingi mno kwa mkupuo mmoja. Inampandisha mnazini mbio, halafu inaukata mnazi."

"Dawa yake?"

"Apunguze. Sijasema aache. Apunguze kidogokidogo, ale chakula cha maana asubuhi, mayai au maharage, anywe maji. Ataona mwenyewe. Huo usingizi wa alasiri utaondoka."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu. Kuna ugumu gani?"

Anzuruni alimtazama yule mama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mgeni anayemchezea mbwa asiyemjua.

Akaingia ndani. Zulia la ofisi ile lilikuwa refu. Alipoanza kulikanyaga alikuwa na maneno yote ya Dokta mdomoni, kamili. Katikati ya zulia alikumbuka kifungo cha suruali. Karibu na meza, ulimi ulikuwa umekauka kama kiatu cha juani.

"Daktari anasemaje?" Mlezi aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo, ya upole. Watu walioisikia hawakuipenda.

"Anasema sukari imezidi, Mheshimiwa."

"Imezidi wapi?"

Lilikuwa swali la maneno mawili, na jibu lake lilikuwa neno moja. Anzuruni alilitafuta, akaliona, akaliruka.

"Katika taifa, Mheshimiwa."

Mlezi aliinamia meza. "Kwa hiyo wao wanakula sukari, mimi nalala?"

"Ndivyo, Mheshimiwa. Taifa likilemewa, anayechoka ni mlezi."

"Nilijua!" Mlezi aligonga meza. "Nimekuwa nikihisi kabisa. Nimekuwa nikichoka kwa niaba ya watu." Akamgeukia Mtia Sukari. "Tia chai. Tuna kazi."

*

Ndivyo ilivyozaliwa Wizara ya Uchangamfu wa Taifa. Sukari ilikusanywa. Malori yalipita mitaani yakipakia magunia, na yote yalipanda kilima cha Ikulu, ambako, kama alivyoeleza Waziri, Mlezi angeibeba hatari hiyo peke yake. Miwa ilikatwa na kushtakiwa. Akina mama waliokuwa wakiuza visheti na kashata waliambiwa wauze karanga tupu huku wakionyesha majuto. Shule za bweni zilipata uji mweupe usio na kitu, na wanafunzi walioukunjia uso waliandikwa majina na viranja, majina yakapelekwa kwa mkuu wa shule, na mkuu wa shule akayapeleka mbele zaidi kuliko alivyozoea.

Dokta Remijia alisikia redioni kwamba yeye ndiye aliyelishauri taifa. Akampigia Anzuruni simu.

"Bwana Mbelwa, mimi sikusema taifa."

"Dokta, tafadhali, sauti."

"Nilisema yeye. Nilisema apunguze yeye! Watoto wachanga wanahusika nini na usingizi wa mzee yule?"

"Dokta, maneno yakipita kwenye lile zulia yanachoka kidogo. Nitayarekebisha. Nipe muda."

Juma hilohilo Dokta Remijia aliteuliwa kuwa balozi katika nchi ambayo bado haijagunduliwa. Gari lilimfuata kazini kwake. Alionekana akipanda akiwa na koti jeupe na kifaa chake cha kusikilizia mapigo ya moyo, na dereva hakuwasha taa. Anzuruni alitangaza uteuzi huo mwenyewe. Alisema taifa linampongeza.

*

Pale mwanzoni lilitokea jambo ambalo serikali haikulitarajia. Ushauri wa Dokta ulifanya kazi. Watu waliokuwa wakisinzia makazini baada ya chakula cha mchana hawakusinzia tena. Makarani walikaa wima mpaka jioni. Madereva hawakuingia mitaroni. Walimu walifundisha kipindi cha mwisho kama cha kwanza. Nchi nzima ilikuwa macho, na nchi iliyo macho huanza kuona. Waliona kwamba daraja la kati lilikuwa limechorwa tu ukutani. Waliona kwamba sarafu mpya zilikuwa na uso mmoja pande zote mbili. Wakaanza kuulizana, kwa sauti ya chini, jirani fulani yuko wapi.

Wizara ikalazimika kutunga kosa jipya, Uchangamfu wa Kupita Kiasi, na wahalifu wake walikuwa rahisi kukamatwa kwa sababu walikuwa wakitembea wakiwa wamefumbua macho.

Lakini Mlezi aliendelea kulala. Kila alasiri, baada ya chai, kidevu kilirudi kifuani. Na kila alipoamka aliuliza swali moja: "Nani bado anakula?"

Swali hilo lilikabidhiwa kwa Kamishna Holombe, mtu mkubwa mwenye masharubu manene, asiyecheka, aliyekuwa na tabia ya kuwasalimia watu kwa adabu nyingi kabla ya kuwachukua. Mantiki yake ilikuwa nyepesi kama kamba. Mlezi akilala, kuna raia aliyekula sukari. Mlezi amelala. Basi raia huyo yupo, atafutwe.

Ili amtafute, aliunda Kikosi cha Sisimizi. Askari walitembea na vibiriti mifukoni, na ndani ya kila kibiriti mlikuwa na sisimizi wa serikali, walioapishwa. Walipofika nyumbani kwa mtu, kibiriti kilifunguliwa sakafuni, familia ikasimama wima ikiimba, na sisimizi wakatembea. Walikoelekea ndiko kulikokuwa na kosa. Walipomwendea bibi mmoja kwa sababu alikuwa amemenya embe asubuhi, bibi huyo alichukuliwa pamoja na kisu.

Siku ya majaribio, mbele ya mawaziri, sisimizi wa kwanza walifunguliwa katika uwanja wa Wizara. Walipapasa hewa kwa pembe zao, wakapanga mstari mmoja mzuri ulionyooka, wakaanza kupanda kilima cha Ikulu. Mawaziri walitazama viatu vyao. Kamishna Holombe aliwakanyaga sisimizi wote kwa buti lake, mmoja baada ya mwingine, bila haraka.

"Walikuwa wamehongwa," alisema.

Kuanzia hapo Ikulu ilizungushiwa mfereji wa mafuta ya taa, na harufu yake ilishuka mjini kila upepo ulipogeuka.

Waliokamatwa walipelekwa kwa malori Bonde la Uchangamfu, nyuma ya vilima. Huko, ilisemekana, walikuwa wakichangamshwa. Ngoma zilipigwa mfululizo ili asipatikane mtu wa kusinzia. Mwanzoni ngoma hizo zilisikika mjini kwa nadra tu, upepo ukiwa mkali. Baadaye zilisikika hata kukiwa shwari. Watu walizizoea, wakawa wanasaga na kutwanga kwa mapigo yake bila kujua. Hakuna aliyerudi kutoka huko. Redio ilieleza kwamba hiyo ni kwa sababu wamependa.

Anzuruni ndiye aliyeeleza. Alikuwa na sauti nzuri sana ya kueleza.

*

Mkoa baada ya mkoa ulisafishwa, na Mlezi akalala. Mji wote ukasafishwa, mtaa kwa mtaa, na Mlezi akalala. Mwishowe Kamishna Holombe alitandika ramani yake ya siri mezani na kugundua kwamba palikuwa pamebaki mahali pamoja tu pasipokaguliwa: Kilima cha Watumishi.

Jioni hiyo Anzuruni alirudi nyumbani akamkuta mama yake barazani, ameweka birika na vikombe.

"Kaa unywe chai, Anzu. Umekonda kama mtu aliyehesabiwa siku."

Alikaa, akainua kikombe, akapiga funda moja. Akakirudisha kikombe mezani taratibu, kama kimejaa baruti.

"Mama. Hii ina sukari."

"Sasa ulitaka nikupe maji ya kulowekea nguo?"

"Mama, sukari imekatazwa!"

"Na nani?"

"Na serikali."

"Serikali si wewe? Nilikusikia redioni. Nikasema huyu mtoto ana mafua."

Anzuruni aliangalia uani, akaangalia dirishani, akapunguza sauti. "Umeificha wapi?"

"Nifiche, nimeiba? Iko kabatini, kwenye kopo lake. Mimi mwenyewe kijiko kimoja kinanitosha, na sijasinzia mchana tangu nikuzae. Ulikuwa mtoto wa kulia." Alifunika birika kwa kitambaa. "Ile nyingine ni ya wageni."

"Wageni gani, mama? Hakuna anayemtembelea mtu siku hizi. Watu wanaogopana."

"Ndiyo maana naiweka. Atakayethubutu kubisha hodi nyumba hii, atakuwa amekuja na moyo. Nimpe chai ya kumfukuza?"

"Nipe hilo kopo."

"Chukua. Wewe mtu mzima."

Alilichukua, akasimama nalo uani, na hapo akagundua jambo la kutisha: sukari haina pa kutupwa. Akiimwaga shimoni, sisimizi watalijua shimo. Akiimwaga mtaroni, maji yanapita nyumba kwa nyumba, na kila nyumba itamtaja. Akiizika, ardhi itachimbwa. Wazo la kuila yote lilimjia, akajiona akisinzia mbele ya Kamishna. Alisimama na kopo mikononi mpaka mbu wakaanza kumuuma, halafu akalirudisha kabatini, akalisukuma nyuma ya mchele.

"Umemaliza?" mama yake aliuliza kutoka barazani.

Ngoma za bondeni zilisikika waziwazi. Anzuruni alifunga mlango wa kabati.

*

Walikuja asubuhi, wakati watu wa Kilima wananawa. Anzuruni alikuwa akifunga tai.

"Hodi hodi hapa."

"Karibuni! Piteni ndani, karibuni!" Bi. Mwantumu alitoka mbio kama msichana. Ulikuwa umepita muda mrefu hajasikia neno hodi.

"Shikamoo mama," alisema Kamishna Holombe, akavua kofia.

"Marahaba wanangu. Kaeni, kaeni hapo. Anzu, vuta kiti kwa mwenzako. Mbona unasimama kama nguzo ya simu?"

Kamishna alikaa, kofia mapajani. Askari wake wawili walikaa ukingoni mwa kochi, vibiriti vikiwa vimetuna mifukoni. Anzuruni alijaribu kumkonyeza mama yake. Alikonyeza jicho moja, akakonyeza la pili, mwishowe akayakonyeza yote mawili.

"Umeingiwa na kitu?" mama aliuliza. "Kanawe."

Akaleta birika. Akaleta vikombe. Akaleta kopo, akalifungua mbele yao, akashika kijiko, akaanza kumtilia Kamishna.

Kijiko kimoja. Kamishna alikitazama kikizama. Kijiko cha pili. Masharubu yalitikisika. Anzuruni alisubiri neno lile, mama alisubiri, askari walisubiri huku wakimeza mate. Kamishna alifumbua mdomo, na neno halikutoka. Mama akatia tena, na tena. Kamishna Holombe, aliyezisafisha wilaya zote za nchi ile, alikuwa amefumba macho, na kwenye kope ya kushoto palikuwa na unyevu.

"Masikini," alisema Bi. Mwantumu kwa sauti ya chini, akaendelea kutia. "Kwani kwako hawakupi chai, baba?"

Alikunywa yote. Akakomba chini kwa kidole. Akafuta masharubu kwa leso, akavaa kofia, na uso wake ukarudi mahali pake.

"Kwa ajili ya utaratibu," alisema, na askari wakafungua vibiriti.

Sisimizi wa serikali walishuka sakafuni, wakapapasa hewa. Hawakulijali kabati. Walikwenda mbio moja kwa moja kwenye buti la Kamishna, wakalipanda, wakapita gotini, wakapita vifungoni, wakielekea kwenye masharubu. Askari waliangalia dari. Kamishna alijipangusa kwa mkono mmoja, taratibu.

"Ushahidi umepatikana," alisema. "Chai ilikuwa nzuri sana, mama. Vaa viatu."

*

Redio ilitangaza kwamba Adui wa Mwisho amepatikana, ataonyeshwa kwa Mlezi wa Taifa alasiri hiyo, na kwamba kuanzia leo taifa halitalala tena. Bendi iliitwa. Mawaziri walipangwa ukutani kwa urefu, kama paredi ya shule. Mwisho wa zulia lile refu, Mlezi aliketi nyuma ya meza yake. Mwanzo wa zulia, kati ya askari wawili, alisimama Bi. Mwantumu na kanga zake na viatu vyake vya sikukuu, akishangaa ukubwa wa mapazia.

Na kwa kuwa kinywa cha kawaida hakikuruhusiwa kusema na Mlezi, mtu aliyepaswa kutembea kati yao akibeba maneno alikuwa Mpeleka Maneno Mkuu.

"Muulize," alisema Mlezi, "kwa nini ananiua kwa usingizi."

Anzuruni alilitembea zulia. "Mama, Mlezi anauliza kwa nini unamuua kwa usingizi."

"Mwambie sijawahi kumpikia."

Akarudi. "Mheshimiwa, anasema anajuta."

"Sikusema hivyo!" sauti ya mama ilifika mpaka mezani bila msaada. Kamishna Holombe aligusa mkono wake, kwa adabu.

"Apelekwe bondeni," alisema Mlezi. "Leteni chai, nikae macho niwaone watu wangu."

Mtia Sukari alisogea na kijiko. Nje, kwa mbali, ngoma. Askari walimgeuza Bi. Mwantumu kuelekea mlangoni, na kiatu chake kimoja kikamvuka. Aliinama kukitafuta kwa vidole vya mguu, kama anavyofanya kila asubuhi kitandani, na Anzuruni, aliyekuwa ameyatazama mambo mengi sana kutoka kwenye zulia lile bila kusema kitu, aliona kwamba hili hawezi kulitazama.

"Mheshimiwa," alisema. "Daktari hakusema taifa."

Mtia Sukari alisita, kisha akakumbuka kazi yake, akaendelea kutia.

"Alisema nini?"

"Alisema wewe. Sukari imekuzidi wewe. Alisema upunguze kidogokidogo, ule mayai asubuhi, na usingizi utaondoka. Neno 'taifa' nililitia mimi. Mwachie mama yangu, Mheshimiwa. Yeye hana kosa lolote. Ni mimi."

Mpiga tarumbeta alishusha tarumbeta yake polepole mpaka sakafuni. Mlezi wa Taifa alimtazama Anzuruni kwa muda mrefu, kisha akaanza kucheka, kicheko cha upole, cha mtu anayemsamehe mtoto.

"Nilidhani una jambo kubwa," alisema. "Daktari alisema mimi, wewe ukasema taifa. Kwani mimi na taifa tofauti yetu iko wapi?"

Mawaziri walitazamana, wakatafuta tofauti, wakaikosa. Wakapiga makofi.

"Hujakosea hata herufi, Mbelwa. Huko ndiko kupeleka maneno! Mpeni nishani. Na huyo mama," aliongeza kwa ukarimu, "apelekwe kwa gari zuri."

Kijiko kilisimama. Wimbo wa taifa ulipigwa. Mlezi akanywa chai yake, akaanza kueleza bwawa jipya atakalolizindua, akafika katikati ya neno, na kidevu kikalala kifuani.

Mkoromo ulijaza chumba. Mawaziri waliganda ukutani. Kamishna Holombe aligeuza kichwa polepole, akaanza kutazama nyuso, mmoja baada ya mwingine, maana Mlezi alikuwa amelala, na mantiki ilikuwa ileile. Waziri mmoja alijilamba midomo, akajuta.

Katika kimya hicho Bi. Mwantumu alikuwa bado amesimama mlangoni, kiatu kimoja mguuni. Hakumwangalia Mlezi wala Kamishna. Alimwangalia mwanawe, na nishani iliyokuwa ikifungwa kifuani pake na mikono ya mtu mwingine.

"Anzu."

"Naam, mama."

"Ulijua tangu siku ya kwanza?"

"Nilijua."

"Walipomchukua yule daktari ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Na wote wale? Malori yote yale yaliyopita pale chini, nikakuuliza wanakwenda wapi, ukaniambia wanahamishwa?"

"Ndiyo, mama."

Alifikiri kidogo, kama anavyofikiri akiwa sokoni kabla ya kuacha au kuchukua.

"Kama mimi ningekuwa sinywi sukari," aliuliza, "ungesema lini?"

Anzuruni Mbelwa, aliyewahi kupata maneno ya kila kitu, alifumbua mdomo akayatafuta. Mlangoni askari walikuwa wanasubiri. Gari zuri lilikuwa limeshawashwa.

"Nisingesema, mama."